Mwandiko wangu mzuri nusura umuue mgonjwa: yaliyonikuta nikiwa nesi mpya Kigali

Wakuu, heshima zenu.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kama ningekuwa natunga, aminini ningejiweka kwenye nafasi nzuri kuliko hii mtakayoisoma.

Majina nimebadilisha na hospitali siitaji. Nina kazi moja tu na bado naihitaji.

Kwanza mnifahamu kidogo. Mimi ni nesi, binti wa miaka ishirini na tano. Wazazi wangu ni Wanyarwanda ila nimekulia Karagwe, na diploma ya uuguzi nimesomea hukohuko Tanzania. Baadaye nikahamia Kigali kwa shangazi yangu, mtaa wa Kagugu.

Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni. Najua kuitwa kula, najua kugombezwa, basi. Kile cha hospitali nilijifundisha mwenyewe kwa redio na daftari. Hata mtihani wa leseni nilijisomea peke yangu chumbani, bila darasa wala mwalimu.

Mtu anayejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja: hajui ni lini imetosha. Hakuna wa kumwambia hapo sawa, kaa chini.

Kwa hiyo nilizidisha kila kitu. Kabla sijaanza kazi nilichoma sindano machungwa mengi mpaka shangazi akagoma kunywa juisi ndani ya nyumba yake. Kwenye simu nilitega alarm nne, halafu naamka kabla ya ile ya kwanza, naoga, navaa, nakaa kitandani kuzizima moja moja zikianza kulia.

Kazi nikapata, hospitali moja hapa mjini, wodi ya wanawake. Miezi mitatu ya majaribio, kisha mkuu wa wodi anaandika ripoti: unabaki au unaondoka.

Mkuu wa wodi ni mama wa makamo, nitamwita Espérance. Wodi nzima inamwita Chef. Haongei sana. Akikukuta unafanya jambo sawa, anapita. Akikukuta unakosea, anasimama. Mimi nilikuwa naishi kwa kuhesabu mara alizopita.

Sasa niwaeleze upumbavu wangu ulianzia wapi.

Kila mgonjwa ana chati yake, inaning'inia miguuni mwa kitanda. Ukimpa dawa unaandika dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, unasaini. Palepale, ukiwa umesimama.

Ukikosea kuandika, wino mweupe wa kufutia hauruhusiwi. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa na kusaini pembeni, ili kila mtu aone kwamba kuna kosa na mwenye kosa ni wewe.

Wiki ya kwanza nilipiga mstari mmoja wa namna hiyo. Mmoja tu, wakuu. Nilikosea saa. Kila nikipita kile kitanda naona ule mstari unanitazama. Mgonjwa aliporuhusiwa kwenda nyumbani nilifurahi kuliko ndugu zake, maana ile karatasi nayo ilikuwa inaondoka.

Nikabuni mfumo. Nikanunua kijidaftari cha kuweka mfukoni. Nikimpa mgonjwa dawa, naandika mle harakaharaka, mwandiko wa kuku. Nikimaliza mzunguko wa wodi nzima nakusanya chati, nakaa mezani na kalamu nzuri na rula, nahamishia kila kitu kwa mwandiko uliotulia.

Chati zangu zilipendeza, jamani. Wenzangu walinitania kwamba naandika kadi za harusi. Mimi nikadhani nasifiwa. Chef akawa anazitazama na kupita, nami najihesabia ushindi.

Sasa atatokea mtu hapo chini aulize: kwani chuoni hamkufundishwa kwamba kisichoandikwa hakijafanyika?

Tulifundishwa. Na niliuandika huo msemo kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri, nikaubandika ukutani kwa shangazi.

Basi. Tukio lenyewe lilikuwa asubuhi, zikiwa zimebaki wiki mbili nifanyiwe ripoti.

Kitanda cha nne kulikuwa na mama mwenye kisukari, mfanyabiashara wa vitenge sokoni Kabuga. Tumwite Mama Kabuga. Alikaa Goma miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa mdomoni muda wote, na alifurahi kupata mtu wa kupiga naye soga. Hapa kwetu nesi anaitwa muganga, daktari anaitwa muganga, hata anayepima damu ni muganga. Mimi nilikuwa "muganga yangu ya Tanzania."

Binti yake, Claudine, ndiye aliyekuwa umurwaza wake, yaani ndugu anayeshinda hospitali akimlisha mgonjwa, akimwogesha, akimfulia. Claudine alikuwa makini kuliko mimi. Kila tulichomkataza mama yake alikishika kama amri ya kanisani.

Saa moja na nusu nilimpima Mama Kabuga sukari, nikamchoma insulini yake ya kabla ya chai. Nikaandika kwenye kijidaftari, nikaendelea na vitanda vingine. Claudine wakati huo alikuwa ameenda kuleta uji.

Kitanda cha tisa nikakwama. Bibi mmoja mishipa yake ilikuwa inakimbia kila nikiigusa, na mimi siwezi kuomba msaada kwa sababu mtu kamili haombi msaada. Nilikaa pale muda mrefu sana.

Wakati huo Chef akapita kitanda cha nne. Akaona uji umefika, akaona chati haina kitu. Akafikiri yule mtoto amezidiwa, ngoja nimpunguzie kazi. Akamchoma Mama Kabuga insulini yake. Kipimo kilekile. Akaandika, akasaini, akaenda zake.

Nilipomaliza nikakusanya chati zangu, nikakaa na rula yangu. Nikafungua ya kitanda cha nne.

Mahali pangu pameshaandikwa. Mwandiko wa Chef, umelala upande kama nyasi zilizopigwa na mvua.

Naomba hapa msinitukane sana. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba amenichafulia ukurasa.

Cha pili ndicho kilichopaswa kuwa cha kwanza.

Dozi mbili. Mgonjwa ambaye asubuhi ile hamu ya kula hakuwa nayo, ana insulini mara mbili mwilini, na sukari inashuka wakati mimi nimeshika rula.

Sasa wakuu, nesi yeyote anajua cha kufanya hapo. Unaita mtu. Glukosi ilikuwa kwenye toroli, hatua nne kutoka nilipokaa.

Mimi nikaanza kupiga hesabu. Chati inaonyesha dozi moja. Ushahidi wa ile nyingine uko kwenye kijidaftari, na kijidaftari kiko mfukoni mwangu. Nikisema, ripoti yangu imekwisha, narudi Karagwe kuchoma machungwa. Na glukosi ukiichukua lazima uiandike kwenye chati, pamoja na sababu.

Lakini Fanta haiandikwi popote.

Nilikimbia kantini. Kweli kabisa, nilikimbia, na sare yangu iliyopigwa pasi mara mbili, nikapanga foleni nyuma ya mzee aliyekuwa anachagua sambusa. Nikarudi na Fanta ya machungwa.

Njiani nilikuwa najiambia hii ni huduma ya kwanza, hata vitabuni imo, mgonjwa mwenye fahamu anapewa kitu cha sukari. Ni kweli imo. Kuificha ndiko hakumo.

Nikamwambia Mama Kabuga kwa sauti ya uchangamfu anywe kidogo, amalizie na uji. Claudine akaitazama ile chupa, akanitazama mimi. Wiki mbili nzima nilikuwa nimemhubiria huyu dada habari za soda.

"Muganga, si mulisema hii ni sumu kwake?"

"Leo kidogo haina shida."

"Leo iko nini?"

Mama yake akamwambia anyamaze, muganga akisema ninywe, nakunywa. Akapiga funda moja kwa raha, maana alikuwa ameikosa hiyo kitu.

Funda la pili chupa ikaanza kugonga meno. Mkono ulikuwa unatetemeka. Jasho likamtoka usoni, na asubuhi ile kulikuwa na baridi, watu wote wamejifunika.

"Muganga yangu," akasema taratibu, "moyo inakimbia. Iko nini?"

Alivyoniangalia, wakuu. Alikuwa ananiuliza mimi kwa sababu aliamini mimi ndiye ninayejua. Na kweli mimi ndiye peke yangu niliyekuwa najua.

Nikamwita Chef kwa sauti ambayo wodi nzima iligeuka. Akaja. Nikamwambia nilishamchoma saa moja na nusu, sikuandika, na wewe umemchoma tena.

Alisimama. Kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kitu. Hakuniuliza kwa nini. Alipima sukari, ilikuwa imeshuka vibaya. Akaita daktari, akaniambia nimwekee kanula, ule mrija wa kupitishia dawa mshipani. Nikaukosa mshipa. Akanishika kifundo cha mkono, akakishikilia mpaka sindano ikaingia.

Glukosi ikapita. Baada ya muda Mama Kabuga akapata nguvu, akaulizia Fanta yake iko wapi.

Kuanzia hapo hadi jioni nilimpima kila baada ya robo saa, baadaye kila nusu saa, na kila kipimo nikaandika nikiwa nimesimama, Chef ananiona. Nilipiga mistari ya makosa mitatu. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya hiyo mistari.

Mchana, hali ilipotulia, Chef akaniambia niende nikawaambie wenyewe.

"Wewe ndiye utasema. Mimi nitasimama karibu."

Nilisema kwa Kinyarwanda, ili Claudine asikose hata neno moja. Nilijikwaa sana. Nilikuwa nimejifundisha majina ya maumivu yote, ya kichwa, ya mgongo, ya kuchoma, ya kuvuta. Ya kumwambia mtu nilimdhuru mama yako kisha nikaficha, hayakuwemo kwenye daftari.

Mama Kabuga akanijibu kwa Kiswahili, kama ananihurumia. Akasema sindano ya pili aliiona.

"Mama, mbona hukusema?"

"Niulize muganga? Tena yule mukubwa?"

"Kwani sokoni kwako wateja hawaulizi?"

"Wanauliza sana. Lakini pale mimi sina sindano."

Alicheka mwenyewe. Mimi nilitamani kulia. Claudine hakucheka wala hakulia. Alimgeukia Chef, akasema kwa adabu kabisa kwamba anaomba huyu muganga asimguse mama yake tena. Chef akakubali.

Siku nne zilizofuata nilikuwa napita kitanda cha nne kama mpangaji anayekwepa mwenye nyumba. Walipoondoka, Mama Kabuga alinipungia mkono. Claudine alipita kana kwamba mimi ni ukuta. Simlaumu. Ningekuwa yeye nisingekuwa na adabu kiasi kile.

Siku ya ripoti ikafika. Nilikuwa nimeandaa barua ya maelezo, kurasa tatu, pambizo zimenyooka. Shangazi aliisoma, akaniuliza ninaomba msamaha au ninaomba kazi ya ukarani.

Chef hakuifungua. Aliiweka pembeni, akasema hivi, na nanukuu kwa kadiri ninavyokumbuka:

"Kuchelewa kuandika, nilikusamehe siku ile ile. Na mimi nilichoma bila kukuita kukuuliza, hilo kosa nimeliandika kwa jina langu. Lakini wewe ulijua, ukaenda kununua Fanta."

Nikasema ilikuwa kama dakika kumi tu.

"Ndiyo. Hizo kumi zilikuwa zake, si zako."

Akaniongezea miezi mitatu ya majaribio. Hakunifukuza. Niko mwezi wa pili sasa.

Nilichojifunza si kwamba uandike palepale. Hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza na halikunisaidia chochote. Nilichojifunza ni kwamba mimi nilikuwa naogopa kuonekana nimekosea kuliko nilivyoogopa kukosea. Vinafanana ukiwa umekaa mezani na rula. Ukiwa kitandani kwa mgonjwa havifanani hata kidogo.

Kwa wale manesi wapya, hasa nyie wenzangu mnaoamka kabla ya alarm: ombeni msaada kitanda cha tisa. Haikuui. Na mgonjwa akiona sindano ya pili, mfundisheni kuuliza. Mimi sasa namwambia kila anayelazwa, mama, ukiona kitu hukielewi, nizuie mkono. Wengi wananiona wa ajabu. Wawili wameshanizuia, mmoja alikuwa sahihi.

Wa kunitukana, uwanja ni wenu. Ila wale mnaofanya kazi ambazo kosa lako linaingia mwilini mwa mtu mwingine, naomba mniambie jambo moja na mlijibu kwa ukweli: siku uliyokosea, zilipita dakika ngapi kabla hujafungua mdomo?

Zangu ni kumi. Nyie?