Mlango wa Bi Chausiku

Tangu mumewe amjengee nyumba ile ya Mtoni, Bi Chausiku hakuwahi kuufunga mlango mchana. Muuza vitumbua yule, mjane, kwake mtu aliingia kwa hodi moja na kutoka ameshiba. Kwa hiyo mwaka ule wa watu kuhamia vijijini, majirani walipomkuta amesimama kizingitini na mwiko mkononi, anawarudisha waliokuja kumtazama mgonjwa, walisema bibi kachanganyikiwa.

Mgonjwa alikuwa mjukuu wake, Tunu. Taya lilimvimba mpaka jicho likasukumwa juu. Hospitali wakasema ni saratani, wakaanza kumchoma sindano. Daktari Adelard alimweleza bibi kwamba dawa mojawapo imetolewa kwenye maua yale ya rangi ya waridi yanayojiotea makaburini. Inaua uvimbe, ila ikichanganywa na nyingine zinawaangusha pia mgambo wa mwilini, wale wanaopigana na maradhi. Uvimbe ukishavunjika, huenda mgambo hao wakizinduka wakasaidia kusaka mabaki. Lakini kabla hawajazinduka, hata mafua ya jirani yanaweza kumwua mtoto.

Bi Chausiku akarudi nyumbani, akafunga mlango.

Uswahilini mgonjwa hutazamwa. Wanawake waliokuja na uji wao wakaondoka nao, wamenuna. Wifi yake akatangaza kisimani kwamba mtoto amekwisha kufa na bibi anaficha. Vitumbua vikakosa wanunuzi. Mwishowe akaja balozi wa nyumba kumi, Kornelio, Mnyamwezi, mtani wake wa siku nyingi, nyuma yake kundi la watu na watoto wao.

"Nyie Wazaramo, tangu lini mkafunga mlango?" akasema. "Kwenu hata mwizi hukaribishwa chai."

"Kaa hapo hapo, mtani. Mgambo wa mtoto huyu wamelala. Ukivuka kizingiti hiki, mie na wewe utani umekwisha."

Kornelio akatazama ule mwiko, akamtazama usoni. Akageuka, akawaambia watu warudi makwao, na kuanzia siku hiyo akawa anakaa barazani mwenyewe kuwazuia.

Haukupita muda, surua ikaingia mtaani. Watoto wa wale waliokuja na balozi walilala nayo karibu wote, wifi naye akauguza wawili. Nyumba ya Bi Chausiku haikuguswa.

Taya likashuka. Jicho likarudi mahali pake. Daktari Adelard alimpima damu Tunu, akarudia kupima, akacheka peke yake kabla ya kumwambia bibi kwamba mgambo wameamka na uvimbe hauonekani tena.

Kesho yake Bi Chausiku alivaa khanga mpya, akamshika mjukuu mkono, wakatembea Barabara ya Kilwa mchana kweupe, hawana duka wanalokwenda. Njiani wakakutana na wifi. Bi Chausiku akamsalimia kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, akamwambia Tunu ampe shikamoo bibi yake huyo, na Tunu akaitoa kwa mdomo ulionyooka.