Gari Lisiloharibika

Juzi nimepita gereji moja pale Nyasho nikakuta vijana wawili wanataka kutoana roho. Kisa ni gari. Wote wanamiliki gari la kifahari la chapa moja, mmoja anaapa halijawahi kumwangusha, mwenzake anasema limemfilisi kwa vipuri. Wakanigeukia: "Mama, we unaonaje?" Nikacheka, nikaenda zangu. Lakini wewe rafiki yangu nitakuambia.

Baba yangu alikuwa na gari la chapa hiyo miaka ile ya dhiki, wakati sukari ni ya foleni na nguo tunafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Alilinunua kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Viti vya ngozi, mlango ukifungwa hausikii kelele. Mtaa mzima ulitoka kulishangaa. Tatizo moja tu, lilikuwa haliwaki. Kila alfajiri mama, dada na mimi tulilisukuma, peku, hadi kwenye mteremko wa kwenda ziwani, ndipo likohoe, litutemee moshi usoni, na baba aondoke bila kugeuka nyuma. Jumapili mchana serikali ilikataza magari ya binafsi barabarani, kubana mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yetu. Tulikula ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vya ziwani, kwa raha zetu.

Baba alikuwa na msemo wake: "Gari hili haliharibikagi. Linachaguaga dereva." Ole wako ubishe. Fundi aliyesema injini imechoka alipigwa spana ya paji la uso, akaenda kushonwa. Na mama, siku alipomtania jirani kwenye foleni ya duka la ushirika kwamba gari letu linatumia ugali badala ya petroli, maneno yalimfikia baba kabla mama hajafika na unga. Alimpiga kwa mkanda wa feni wa gari hilohilo. Nilisikia kila pigo. Jicho la kushoto lilivimba likafumba kabisa, na alfajiri iliyofuata mama alisukuma kama kawaida.

Nililichukia gari lile kama mtu. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kitu kimoja tu, liondoke, ili mama asipigwe tena.

Petroli ilipoadimika kabisa baba akakubali kuliuza. Akaja mnunuzi wa pamba kutoka Bunda. Tulikuwa tumeshalisukuma mapema, analikuta linanguruma uani kama halijawahi kuugua. Baba alipoingia ndani kuchukua kadi ya gari, mgeni akaniinamia.

"Binti, mtoto hadanganyagi. Hili gari mnalisukumaga?"

Nikamtazama mama aliyesimama mlangoni na jicho lake.

"Hapana, baba. Linawakaga lenyewe."

Alilichukua siku hiyohiyo. Wiki haikuisha, likamzimikia njia panda ya Butiama, mama mkwe wake akiwa kiti cha nyuma. Alirudi kwetu na ndugu zake wawili, wameshika fimbo za kuchungia. Walimkuta baba anakunywa chai uani. Walimpiga mpaka fimbo moja ikakatika, wakamvunja mkono wa kulia, meno mawili yakabaki mchangani. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Damu inamtiririka kidevuni, baba bado anasema: "Gari halina shida. Hujui kuendesha."

Mkono ulifungwa plasta, na miezi miwili nyumba ikatulia. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba uongo wangu umemwokoa mama. Leo foleni zimekwisha, furu wamemalizwa na sangara, magari ya chapa ile yanapishana Mukendo, na mama tulishamzika Suguti. Nawaonea wivu vijana wale wa gereji, wao wanagombea injini tu. Maana siku plasta ilipokatwa, baba alionja mboga, akasema imezidi chumvi, akanyanyua mkono uliopona akampiga mama kofi lililomwangusha kwenye mafiga. Nilichungulia nje. Uani hapakuwa na gari lolote.