Nani Atamtania Mama

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza huku Ntalikwa. Kutwa nzima kazini ni Kiswahili, ndivyo serikali inavyotaka. Mtoto akiniomba ruhusa kwa Kinyamwezi ninamwelewa vizuri, lakini namtaka aseme upya. Binti yangu nilimpeleka Tabora mjini tangu chekechea, shule ya bweni ya Kiingereza, na sijutii. Nani asiyemtakia mwanawe makubwa? Ila nyumbani tukabaki wawili, mimi na mama, na Kinyamwezi chetu.

Likizo zikifika mama alichangamka. Binti yangu alikuwa mjukuu wake pekee, na kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mama alimwita mke mwenza, mvivu asiyejua hata kusonga ugali, eti babu angekuwa hai angempa talaka siku ya kwanza. Binti alitabasamu, akanigeukia nimtafsirie. Nikatafsiri. Wapi! Utani ukipitia kwa mkalimani unapoa. Likizo moja mama akaacha kabisa.

"Huyu si mtani tena, ni mgeni," aliniambia, akaendelea kubangua karanga. Niliumia.

Mama amefariki masika haya. Jeneza lilipotolewa ndani, watu wakasimama kusubiri. Ni kazi ya mjukuu kuziba njia, amseme marehemu, adai chochote, watu wacheke, ndipo msafara upite. Mtoto wa kuzaa haruhusiwi, ni utovu wa adabu. Mimi nilikuwa na maneno tele: kukoroma kwake, ubishi wake, alivyokuwa akijidai haoni mtu asipotaka kumsalimia. Nikayameza yote.

Binti yangu akasimama mbele ya jeneza, machozi yanamtiririka. Nikamnong'oneza aseme lolote, hata kwa Kiswahili.

"Bibi, pumzika kwa amani," akasema.

Watu wakaitikia amina. Basi. Ikabidi mjukuu wa jirani ajitokeze, akatanua mikono, akadai kwa Kinyamwezi kwamba bibi kizee huyu hapiti mpaka akabidhi ugoro aliouficha. Watu wakaangua kicheko, hata wabebaji wakayumba. Mama angefurahi mno.

Binti akanishika mkono akauliza wanacheka nini. Nilijaribu kumtafsiria, nikaishia kwenye ugoro.

Amesharudi bweni. Nikitoka kazini nasonga ugali wa mtu mmoja, na Kinyamwezi naongea na kuku.