Mashua Mbili za Bukoba

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mwalimu Muleba. Mke wangu alitamani tuwe na mashua ndogo ya tanga, twende kisiwani Bumbire kwa dada yake, ambaye hawakuonana tangu harusi yetu.

Bukoba tulikuta mbili kuukuu zikiuzwa. Mimi niliipenda ya buluu, iliyopakwa rangi upya. Mke wangu, binti wa fundi mashua, alichoma mbao zake kwa kisu, kikazama kama kwenye ndizi mbivu.

"Hii imeoza," alisema. "Tuione ile mbaya."

Tanga lake lilijaa viraka, lakini mbao zilikikataa kisu. Tuliketi ndani yake majini hadi mchana, na miguu yetu ikabaki mikavu. Tukainunua.

Jumapili iliyofuata, dada yake alitukimbilia ufukweni, mikono imejaa unga wa muhogo.