Bangili Sita za Gulnar

Kumail ana duka la misumari na mabati hapa Kilindoni, lakini roho yake iko kwenye simu. Ukimwomba kitasa, kwanza atakuonyesha mstari wa bei za hisa. Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kinapakana na duka lake, kwa hiyo somo hilo nimelishiba.

"Bei haianguki hivi hivi, Mize," alikuwa akiniambia. "Kwanza inachoka. Bado inapanda, lakini kila mwezi kidogo kuliko mwezi uliopita. Ukiona kasi inaisha, ondoka. Watu wakiingiwa na hofu, wanakimbilia dhahabu."

Jicho analo, simnyimi haki yake. Kabla ya Ramadhani aliniambia niuze vihisa vyangu vya kampuni moja ya Dar, na bei ilikuwa bado juu. Watu wakanicheka. Niliuza, nikanunua vipuli vya dhahabu. Baada ya Idi hisa zikaporomoka, dhahabu ikapaa. Mtaa mzima ukamwita profesa, naye akaupokea ukubwa huo bila haya.

Mkewe, Gulnar, alikuwa na bangili sita za dhahabu, mahari yake. Kwao, siku ya harusi mama huvua bangili zake mbele ya wanawake akamvisha binti. Mwaka uliotangulia Kumail aliziomba, akaziuza, akanunua hisa za kampuni ile ile, akaapa kuzirudisha kabla Iqra, binti yao, hajaolewa. Hisa zilipoanguka alimwambia mkewe ni kudra, hakuna mwanadamu aliyejua. Gulnar akalia, akamsamehe.

Haya mimi sikuyajua mpaka alipokuja kujaribu gauni la harusi ya binti yake. Alitaka mikono mirefu ifike vidoleni. Nikamuuliza joto hilo atalivumiliaje, ndipo akanisimulia, huku akijishika vifundo vya mikono vitupu. Kisha akatazama masikio yangu.

"Vipuli vizuri. Vya lini?"

"Vya kabla ya Ramadhani. Mumeo ndiye aliyeniambia niuze hisa ninunue dhahabu, alisema zitaanguka."

Laiti ningejua, ningejing'ata ulimi. Gulnar alitoka na gauni lile lile, pini zimening'inia, akaenda kusimama mbele ya kaunta ya mumewe. Nikamfuata.

"Baba Iqra, ulijua?"

Kumail akaweka simu chini. Hakubisha, hilo tu ndilo jema lake.

"Nilijua. Lakini dhahabu ilikuwa imeshapanda. Ningeuza hisa siku ile, ningepata bangili nne tu. Zako kila mwanamke hapa anajua ni sita. Nikasema hisa zipande kidogo tu, bangili zitimie. Ningekuleteaje nne, mama Iqra? Wangenicheka."

Nilipandwa na hasira mimi niliye jirani, sembuse mwenye mali. Mimi aliniambia nikimbie, akambakiza mkewe ndani ya hisa, kwa kuogopa midomo ya wanawake.

"Nne ningemvisha," Gulnar alisema. "Nne ni mbili kila mkono."

Kumail akaanza kusema kwamba kasi ya soko imeanza kurudi, tungoje kidogo. Gulnar hakumsikiliza. Alinigeukia mimi, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mize, kata hapa, juu ya kiwiko. Waje wanione."