Povu la Kalunguyeye

Juzi, nyuma ya nyumba ya matofali niliyoijenga mwenyewe baada ya kurudi na diploma ya mifugo, ya kwanza kijijini kwetu, nilimwona kalunguyeye akitafuna ngozi ya kiatu. Alitoa povu jingi, akageuza shingo, akalipaka kwenye miiba yake kwa ulimi. Hufanya hivyo akikutana na harufu ngeni. Si ugonjwa, wala si uchawi.

Alasiri ile ya utotoni sikulijua hilo. Udongo ulinukia mvua nilipomkuta mwingine akijipaka vivyo hivyo mlangoni kwa Mama Kabula, jirani yetu mjane aliyezoea kutugawia michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikamwita mama kwa yowe: "Mayu! Kalunguyeye wa Mama Kabula anajipaka dawa!"

Wanaume wakaja na fimbo, wakamzingira Mama Kabula.

"Umemtuma kwa nani?"

"Jamani, mnyama wa porini nimtume mimi?"

"Mtoto mwenyewe ameona."

Wakamwamuru ahame kabla jua halijazama. Kabula, binti yake, rafiki yangu, alinijia na mkeka kichwani.

"Waambie umedanganya."

"Sijadanganya," nikamjibu kwa kiburi. "Nimeona."

Na kweli nilikuwa nimeona.