Kifutu wa Plymouth

Asubuhi ile madirisha ya basi yalikuwa yameganda barafu hadi ndani. Nilipofika wodini kwa zamu yangu ya uuguzi nikakabidhiwa mgonjwa aliyeumwa na kifutu. Nilidhani nataniwa. Nimezaliwa Baringo, ambako nyoka huyo ni wa kawaida; kifutu namjua. Sikutarajia kukutana na kazi yake Minneapolis, tena kwenye wodi ya moyo.

Mgonjwa alikuwa mwalimu mstaafu wa Plymouth, mji wa jirani. Alimfuga nyoka huyo kwenye sanduku la kioo, akaumwa kidole cha mkono wa kulia akimbadilishia maji. Mkono ulikuwa umevimba hadi kwapani.

"Mkono ndio unaouma," akaniambia. "Mbona wewe unatazama moyo tu?"

Sikumficha. Nilimweleza kwamba sumu ile hutoboa mishipa midogo, maji ya damu yakavujia nyamani. Presha inashuka, na moyo unahangaika kusukuma kilichobaki. Damu nayo inakataa kuganda. Figo zikikosa damu ya kutosha, zinaanza kuzima.

"Nitakufa?"

"Dawa ya kuzuia sumu imeshaletwa kutoka bustani ya wanyama, wanakoiweka kwa ajili ya nyoka wa kigeni, na imeanza kuingia mwilini. Mimi niko nawe. Tutashinda."

Nilisema hivyo kwa sababu niliamini.

Wakati wa chakula nikampigia mama, Baringo.

"Anafuga kifutu?" akauliza. "Kwa hiari yake?"

"Kwa hiari, mama."

"Basi naye ni mtoto wa mtu. Muangalie vizuri."

Niliporudi, presha ilikuwa imeshuka tena, na mkojo kwenye mfuko ulikuwa kidogo, mweusi kama chai isiyo na maziwa. Nikamwita daktari. Alikuja mbio, akaagiza dozi nyingine ya dawa na maji zaidi ya dripu. Nilikaa kando ya kitanda nikipima na kupima tena. Kufikia jioni moyo ulikuwa umetulia, na mkojo umeanza kurudia rangi yake. Nilivaa koti langu nikiwa na furaha ambayo sikuwa na wa kumwonyesha.

Wiki iliyofuata aliruhusiwa kwenda nyumbani, kidole kikiwa hakikunjiki.

"Nyoka wangu wamempeleka kwingine," akasema nilipokuwa nikimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. "Namkumbuka. Ninyi kwenu mkimwona mnafanya nini?"

"Tunamuua."

Alicheka hadi akakohoa. Mlangoni mkewe alikuwa akingoja na gari likinguruma kwenye theluji. Mwalimu akaingia garini kwa shida, akaniaga kwa mkono wa kushoto.